Masomo ya sauti ya Kiswahili kwa mtoto anayejifunza Kiingereza: uzoefu wangu

Kama una mtoto wa darasa la kwanza au la pili aliyefika Marekani akijua Kiswahili tu, iombe shule yake masomo ya sauti ya Kiswahili, yaani masomo yaliyorekodiwa ya kusikiliza nyumbani. Kwetu yamesaidia kuliko chochote kingine tulichopewa.

Sisi ni watu wa Kivu, tumepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tuko Kentucky. Mwalimu anayemfundisha binti yangu Kiingereza hutuwekea rekodi fupi kwenye programu ya shule. Rekodi inaeleza kwa Kiswahili jambo ambalo kesho yake watalisoma kwa Kiingereza, na nguvu yake iko hapo. Mtoto anaingia darasani somo ameshalielewa, amebakiza kuyashika maneno.

Lile la mzunguko wa maji lilinifurahisha mno. Sauti inamwambia mtoto aende jikoni na mkubwa, wafunue sufuria inayochemka, atazame matone chini ya mfuniko. Halafu inanyamaza, ili aseme mwenyewe yametoka wapi. Bibi yake akasema hilo ni jasho la sufuria. Binti yangu akakataa: “Hapana bibi, ni mvuke umepoa!” Wakabishana mpaka ugali ukaiva. Kesho yake alinyoosha mkono darasani kwa mara ya kwanza, na mwalimu akanipigia simu kupitia mkalimani kunipa habari hiyo. Mtoto aliyekuwa bubu shuleni tangu tufike!

Bibi mwenyewe hajui kusoma, kwa hiyo makaratasi ya shule yalikuwa hayamhusu. Siku hizi yeye ndiye anayedai rekodi iwashwe.

Kasoro zipo. Menyu za programu ni za Kiingereza mwanzo hadi mwisho, tukakwama mpaka kijana wa jirani alipokuja kutuonyesha pa kubonyeza. Tena Kiswahili chenyewe ni cha pwani. Msomaji wa rekodi anafundisha kutamka “three” na “this” kwa kutumia thelathini na dhahabu. Mtoto wa Mombasa atafaidi sana, lakini kwetu tunasema salasini na zahabu, kwa hiyo hapo wangu hakuambulia kitu. Naomba wamtafute na Mkongomani arekodi.

Wazazi wenzangu, msione haya kuomba. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya wanafunzi wa asili ya China huko San Francisco, ilikataa hoja kwamba kumpa asiyejua Kiingereza vitabu na walimu walewale wa wenzake ni usawa. Shule inatakiwa kumsaidia mwanao aelewe. Mkienda, semeni wazi kwamba mnataka Kiswahili, maana wengi wakisikia Kongo wanawaletea Kifaransa.