Dawa za mwarobaini dukani: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Rafu moja ya duka la pembejeo inaweza kuwa na chupa nne zenye picha ya jani la mwarobaini, bei mbalimbali, na muuzaji akakuambia zote ni dawa ile ile. Geuza chupa usome nyuma. Unachotafuta ni azadiraktini, kiini cha dawa kinachomfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba. Ipo kwa wingi ndani ya mbegu. Kwenye jani ni kidogo. Chupa isiyotaja kiasi chake kwa asilimia irudishe rafuni.

Linganisha bei kwa asilimia hiyo, si kwa ukubwa wa chupa. Lita ya 0.03% ina takriban gramu 0.3 za azadiraktini, ya 0.15% ina gramu 1.5, ya 1% ina gramu 10. Lita ya 0.15% ikiuzwa mara mbili ya ile ya 0.03%, bado ndiyo rahisi, kwani unapata mara tano.

Nafasi ya kwanza tunaipa dawa ya kiwandani ya 0.15% hadi 1%, iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya. Namba ya usajili iwe kwenye lebo, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Chupa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua usiichukue hata ikipunguzwa bei, maana jua na joto huila azadiraktini. Kipimo fuata lebo: ile ya 0.03% kwa kawaida huhitaji kama mililita 5 kwa lita ya maji, wakati ya 1% hutosha mililita 1 hadi 2. Na kama wadudu wanadondoka dakika chache baada ya kupuliza, shuku kwamba chupa imechanganywa na sumu ya kawaida ya viwandani. Mwarobaini hauui hivyo. Kiwavi huacha kula kwanza, akafa baada ya siku 3 hadi 7.

Ya pili ni mbegu, na kwa anayeishi penye miti, kama Dodoma, Tanga, Kilifi au Kwale, huenda ikawa ya kwanza. Nunua mbegu zilizoanikwa kivulini na kuhifadhiwa kwenye gunia linalopitisha hewa. Zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu. Vunja chache papo hapo: kiini cheusi au chenye ukungu hakifai. Mbegu zilizokaa zaidi ya miezi 10 zimeshapungua nguvu. Pampu ya lita 20 inahitaji kilo 1 ya viini vilivyomenywa. Twanga kwenye kinu hadi viwe chengachenga, uache kabla mafuta hayajaanza kutoka, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa kizito mara mbili, la sivyo nozeli itaziba kila baada ya mstari.

Mafuta ghafi yaliyokamuliwa bila moto ni ya tatu. Yanafaa kwa vidukari, nzi weupe na utitiri, kwa sababu humfunika mdudu asipumue. Mafuta halisi yana rangi ya kahawia na harufu kali kama ya kitunguu saumu. Yaliyo meupe na yasiyonuka yamesafishwa, na azadiraktini nyingi imeondoka. Kwenye baridi huganda, hivyo tumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Kosa la kawaida ni kuyamimina moja kwa moja kwenye pampu. Huelea juu, na lita za mwisho hutoka mafuta matupu yanayounguza majani. Chukua mililita 100 za mafuta na mililita 30 za sabuni ya maji, koroga kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, ndipo ujaze lita 20. Sabuni ya unga usitumie: huvuruga dawa na kuchoma majani.

Mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ni ya nne, tena kwa kazi ya udongo tu. Gramu 100 hadi 200 kwa mita moja ya mraba, yachanganywe wiki mbili kabla ya kupanda, husaidia dhidi ya minyoo fundo wanaovimbisha mizizi.

Maji ya majani yanayouzwa kwenye chupa na mafuta ya nywele ya mwarobaini yaache. Majani unaweza kuponda mwenyewe bure.

Yoyote utakayochagua, puliza jioni na upande wa chini wa jani, mchanganyiko uishe siku hiyo hiyo, urudie baada ya siku 5 hadi 7. Jioni pia nyuki wamesharudi mzingani. Kwa kantangaze, mdudu wa nyanya, anza mapema, kwani kiwavi akishazama ndani ya jani la nyanya, dawa humfikia kwa shida. Usioshee pampu mtoni wala karibu na bwawa la samaki. Ukiuza kwa nembo ya Kilimohai, ile ya mazao ya kilimo hai, muulize mkaguzi kabla ya kulipa: mwarobaini unakubalika, lakini viyeyushi vya chupa fulani huenda visikubalike.

Vaa glavu na ufunike pua, hata kama muuzaji anasema ni dawa ya asili. Kwa kuwa majani huchemshwa na kunywewa kwa homa, wapo wanaodhani mafuta nayo yananyweka. Watoto wachanga waliopewa kijiko cha mafuta hayo huko India na Malaysia walitapika na kupata degedege. Mjamzito asiyanywe kabisa. Usiyahamishie kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, ukiwa na chupa yenye lebo mkononi.