Wiseguy ya Nicholas Pileggi: nunua, soma, ila Henry Hill usimpende sana

Wadau, kama mliiona ile filamu ya Goodfellas ya 1990 mkadhani habari ya Henry Hill mmeimaliza, tafuteni na kitabu ambacho filamu ilitokana nacho. Kinaitwa Wiseguy, kaandika Nicholas Pileggi ambaye alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu pale New York kwa miaka mingi, kilitoka katikati ya miaka ya 80 na mpaka leo kinauzwa, cha karatasi kipo na cha kusomea kwenye simu kipo. Mimi nakipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibania nitaisema huko chini maana inaniuma.

Kwa wasiomjua, Henry Hill ni mtoto wa Brooklyn, kazaliwa 1943, baba Muairishi mama mwenye asili ya Sicily. Mwaka 1955, akiwa na miaka 11, akaanza kushinda kwenye kijiwe cha teksi kilichokuwa ng'ambo ya barabara, karibu kabisa na kwao. Kijiwe kilikuwa cha akina Vario, na Paul Vario alikuwa mkubwa kwenye familia ya Lucchese, moja ya zile familia tano za mafia za New York. Mtoto akawa anatumwa huku na kule, anaegesha magari ya wakubwa, anashika hela ambayo baba yake anaitolea jasho, shule akaiacha kimyakimya na barua za walimu hazikufika tena nyumbani kwa sababu mleta barua alishatishwa akatishika. Robo karne baadaye, 1980, mtu huyohuyo anakamatwa na kesi ya unga, yaani dawa za kulevya, kule Nassau, Long Island, kifungo cha maisha kinamtazama usoni, anakaa mezani na serikali anawataja waliomlea. Kitabu kizima kipo katikati ya hizo ncha mbili.

Ninachokipendea ni kwamba Pileggi hampambi na wala hamhubirii, anamwacha aongee, na jamaa anajua kuelezea kazi yake kama fundi. Chukua mfano wa malori ya mizigo yanayotoka uwanja wa ndege wa JFK. James Burke, wenyewe wanamwita Jimmy, ndiye alikuwa bingwa wa kuyateka, na mara nyingi dereva hata hapigwi kofi. Anaambiwa atoe leseni, anuani inasomwa pale mbele yake, halafu anapewa na hela kidogo ya shukrani na anaachiwa aende zake. Ni hivyo tu. Lakini dereva ameshaelewa kwamba hawa watu wanajua mke wake na watoto wake wanalala wapi, polisi wakija kumuuliza yeye hakuona sura ya mtu. Kiukweli hiyo leseni ilinitisha kuliko kurasa zote za damu.

Au mwenye baa aliyejichanganya akaingia ubia nao. Kila wiki hela yao iwepo, biashara iwe imetoka isitoke, mgonjwa usiwe mgonjwa, hawataki kujua. Halafu wanaanza kuagiza bidhaa kwa mkopo kwa jina la baa, kreti za pombe zinaingia mlango wa mbele zinatokea mlango wa nyuma zinauzwa bei ya kutupa, na kwao hata bei ya kutupa ni faida tupu kwa sababu hakuna mtu ana nia ya kumlipa msambazaji. Mikopo ikishakauka na benki zimeshagoma, inabaki kuchoma moto jengo wadai bima. Kama unafanya biashara yoyote hizi kurasa zisome taratibu, utajua jinsi mtu anavyoweza kuuliwa duka lake akiwa amekaa kaunta anaangalia.

Sasa Karen. Huyu ndiye sababu kubwa ya mimi kusema kitabu kinaizidi filamu. Karen ni mke wa Henry, binti wa Kiyahudi, walioana 1965, na Pileggi kampa nafasi aongee mwenyewe kwa sauti yake kurasa na kurasa. Anaeleza jinsi ilivyokuwa, wake wa hawa jamaa wanatembeleana wao kwa wao, sherehe za watoto wao kwa wao, likizo wao kwa wao, mtu wa nje haingii kabisa, mpaka ikafika mahali mume kukamatwa ni jambo la kawaida na mume asiyeiba ndio anaonekana zoba hahangaikii familia. Hajitetei sana na halii sana, anakueleza tu kichwa kilivyogeuzwa kidogo kidogo. Kuna sehemu amechoka na michepuko ya mumewe, anamnyooshea bastola usoni akiwa kitandani amelala, na hata hapo anakiri kwamba ndani ya moyo bado alikuwa anavutwa na yale maisha. Nilirudia hizo kurasa. Ningelipa hela zaidi kupata kitabu kizima cha Karen peke yake.

Jela nako kuna mambo. Henry alifungwa miaka 10 kwa sababu walimpiga mtu kule Tampa, Florida, kwa deni la kamari, na kumbe dada wa yule mtu alikuwa mchapaji kwenye ofisi ya FBI. Akapelekwa Lewisburg, Pennsylvania, akamkuta Vario naye yumo. Huko ndani wanapika, nyama nzuri ipo, mvinyo upo, na mzee Vario kazi yake ni vitunguu saumu, anavikata kwa wembe vyembamba kabisa mpaka vikiingia kwenye mafuta vinayeyuka. Ni kipande kidogo tu lakini kinakuonyesha hawa watu waliishi vipi hata wakiwa wamefungwa. Ila angalia na kitu kingine hapohapo maana ndipo habari yote inapogeukia, Henry ndani ya jela anaanza kuuza dawa na anapata watu wa Pittsburgh wa kumletea mzigo, na Vario alikuwa amekataza unga kwa watu wake. Anatoka 1978, anaendelea na unga kwa kuficha. Kwa hiyo siku anakamatwa 1980, siku ambayo alishinda anapika chakula cha familia huku helikopta inamzunguka juu kwa juu, hakuwa anaogopa polisi peke yao.

Wizi wa Lufthansa, lile shirika la ndege la Ujerumani, sitausimulia sana maana wengi wanaujua. Desemba 11, 1978, kwenye ghala la mizigo pale JFK, watu wa Burke wakabeba dola milioni 5 taslimu na vito vya dola 875,000. Taarifa za ndani zilitoka kwa mfanyakazi wa ghala, Louis Werner, aliyekuwa ameelemewa na madeni ya kamari, na Henry ndiye aliyezifikisha kwa Burke. Baada ya hapo watu wakaanza kuisha. Parnell Edwards, mmoja wa kundi lao, alitakiwa akaiteketeze gari waliyotumia, hakuiteketeza, polisi wakaipata, akauawa mwezi huohuo. Martin Krugman, mchezesha kamari aliyeleta dili lenyewe, Januari 1979 akapotea moja kwa moja. Na wengine, na wengine. Mwisho wa yote aliyefungwa kwa wizi ule ni Werner tu.

Hapa ndipo ilipoenda nyota yangu. Henry anakumbuka bei ya suti, anakumbuka nani alipewa bahasha ya kiasi gani, anakumbuka sosi ilivyokuwa siku ya kukamatwa, lakini akifika kwenye maiti anaharakisha. Kuna kijana aliyekuwa anahudumia vinywaji kwenye meza yao ya karata, walimwita Spider, Tommy DeSimone, mmoja wa kundi lao, akampiga risasi kwa sababu tu alijibu. Kijana wa watu! Ana kurasa chache, basi, habari inarudi kwenye madili. Mama yake alikuwa nani, alimtafuta wapi, nani alimwambia? Najua kitabu ni cha Henry na Pileggi aliamua sauti iwe ya Henry, lakini mwandishi wa habari mzoefu kiasi kile angeweza kutoka nje ya hiyo sauti mara moja moja akaenda kubisha hodi kwa hizo familia. Ukisoma haraka utajikuta unacheka na muuaji, jamaa wana vichekesho kweli, kwa hiyo msomaji inabidi mwenyewe uwe unawahesabu waliokufa.

Sehemu ya ushahidi ni fupi lakini ni nzito. Edward McDonald, mwendesha mashtaka wa serikali kuu aliyekuwa anaongoza kikosi cha kupambana na magenge kule Brooklyn, hakumwomba Henry atubu. Alimwonyesha hesabu. Walimsikilizisha na kanda iliyorekodiwa, Burke anaongea na Vario kuhusu kumuua yeye Henry. Ukisikia rafiki yako wa miaka mingi anapanga kifo chako kwa sauti ya kawaida kabisa, unafanya nini? Akasaini. Karen naye na watoto ikabidi waende, kwa sababu wangebaki wangetumika kumvuta Henry atoke alikojificha. Mpango wa kulinda mashahidi ulitokana na sheria ya 1970 na unaendeshwa na Idara ya Marshal ya Marekani, yaani polisi wa mahakama za serikali kuu, unapewa jina jipya, vitambulisho vipya, mji mpya, hela ya kujikimu mpaka upate kazi, na kwa upande wako unaiacha dunia yako yote ya zamani. Wazazi wa Karen walibaki nyuma.

Halafu kuna hili la chuo cha Boston College ambalo nalipenda sana. Henry wakati anahojiwa anataja kwa kupita tu kwamba alikuwa anaenda Boston kwa ajili ya mechi za kikapu, wachezaji wa chuo walikuwa wanalipwa washinde kwa pointi chache kuliko zile walizowekewa na wachezesha kamari, yeye hata hakuona kama ni kosa la maana. McDonald alisoma chuo hichohicho. Kesi ikafunguliwa, mchezaji Rick Kuhn akapigwa miaka 10 na Burke akapigwa 20. Baadaye Burke akakutwa na hatia ya mauaji pia, akafa 1996 akiwa bado mfungwa, Vario alishafia gerezani 1988. Kwa jumla ushahidi wa Henry unahesabiwa kuwa uliwatia hatiani watu wapatao 50.

Lawama yangu nyingine si kosa la mwandishi, ni ya wakati. Kitabu kinaisha jamaa yupo mafichoni analalamika kwamba sasa yeye ni mtu wa kawaida, anasubiri foleni kama wengine. Hakumlilia Spider, analilia foleni. Lakini yaliyofuata humo hayamo. 1987 akatiwa hatiani kule Seattle kwa njama za kuuza kokeni, mpango wa mashahidi ukamtema, ndoa na Karen ikavunjika, akaishia kuwa mtu maarufu kwa jina lake mwenyewe, anahojiwa redioni, anauza michoro yake, na alifariki Los Angeles Juni 12, 2012, siku moja baada ya kutimiza miaka 69. Hakuuawa na mtu. Toleo jipya likiwekewa sura moja tu ya hayo nitalinunua tena bila kuuliza bei.

Na kuna suala la hela ya kitabu chenyewe, hili watu wengi hawalijui. New York ilikuwa na sheria kwamba mhalifu akiuza habari ya uhalifu wake, hela ishikwe ili waliodhurika wapate cha kudai. Henry alikuwa ameshalipwa dola 96,250 na mchapishaji, Simon & Schuster, bodi ya New York inayoshughulikia wahanga wa uhalifu ikazidai, mchapishaji akaenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1991 majaji wote 8 waliosikiliza wakasema sheria ile inabana uhuru wa kusema kwa upana uliopitiliza. Kisheria nawaelewa, kwa maneno yalivyokuwa ingeweza kumnasa hata mtu anayeandika maisha yake akataja kosa dogo la ujanani. Moyo wangu bado upo kwa yule dereva aliyesomewa anuani yake.

Kwa anayetaka kununua, kiingereza chake ni cha mtaani lakini kinaeleweka, majina ni mengi kupindukia kwa hiyo kaa na karatasi uwe unaandika nani ni nani na nani ameshakufa, la sivyo ukifika Lufthansa utapotea. Watoto hapana, matusi na damu vipo. Ukibanwa na muda soma kijiwe cha teksi, kurasa zote za Karen, na kuanzia siku ya kukamatwa mpaka mwisho.