Uzoefu wangu: miaka miwili ya methadoni ya mwanangu, Malindi

Mwanangu ana miaka 31, na methadoni ndiyo dawa anayokunywa ili aachane na unga, yaani heroini. Ameniruhusu niandike haya kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisimwandike kama mtoto mdogo. Hilo la pili najitahidi.

Mimi nakaanga mahamri. Saa kumi za alfajiri niko jikoni, saa kumi na mbili wateja wa mwanzo washafika na mabakuli yao ya mbaazi. Miaka tisa nzima biashara hii ililisha unga, kwanza bila mimi kujua, kisha nikijua. Ilianza pesa ya kopo, ukafuata mtungi wa gesi, simu zangu mbili, na mwisho sufuria ya shaba niliyoachiwa na mamangu. Aliyeinunua sufuria namjua, naye anajua kuwa namjua. Tunasalimiana tu.

Methadoni haikuwa ya kwanza kujaribiwa. Kakangu alimpeleka nyumba moja ya kurekebishia watu, tukachanga ada ya miezi mitatu. Siku za mwanzo alifungiwa chumbani na arosto yake, yale mateso ya kukosa unga, anatapika, anaharisha, anahisi mifupa inavunjwa, na alichopewa ni Panadol. Alitoka amenona, anawahi jamaa msikitini, tukachinja mbuzi. Siku ya kumi na moja nikamkuta chooni, midomo imegeuka rangi.

Hapa naomba wazazi wenzangu wanisikilize, maana mimi sikuambiwa na mtu. Mwili uliokaa miezi bila unga umesahau kuuhimili. Mtu akirudia kiasi kile kile alichokizoea zamani, pumzi hukata. Walionipongeza kwa mbuzi hawakuwa na habari kwamba mwanangu alikuwa hatarini zaidi siku ile kuliko siku aliyoingia. Aliyemwokoa ni jirani anayejitolea kuzunguka maskani za watumiaji unga na sindano safi. Alikuwa na naloksoni mfukoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, akamdunga pajani, tukasubiri. Akaamka ametukana.

Ni jirani huyo huyo aliyetufikisha kliniki. Hapa Kenya methadoni ilianza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi ikafuata 2015. Basi dawa ilikuwa mjini kwetu muda wote ule, na mimi nikipita nikaona ile foleni ya asubuhi nikidhani ni ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Alipimwa damu, mkojo, akakaa na mshauri, na siku ya pili nikaitwa mimi. Dawa hatukulipia. Dozi ya kwanza huwa ndogo, na hupandishwa polepole kwa makusudi: methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, ya leo huikuta ya jana bado ipo, na wakiharakisha wanaweza kumuua mtu. Hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa. Wiki mbili za mwanzo bado arosto ilimwamsha alfajiri, akarudi maskani mara mbili, nami nikatangaza nyumbani kwamba dawa haifai kitu. Kumbe kipimo chake kilikuwa hakijafika. Alitulia kwenye miligramu 80. Mwenziwe wa foleni yuko 60, mwingine ameshapita 100, na sista alinikanya nisilinganishe.

Unywaji wenyewe nimeushuhudia mara nyingi. Ni kikombe kidogo cha plastiki, kama cha dawa ya kikohozi. Anakunywa mbele ya sista, anatiliwa maji, anasuuza na kumeza, kisha sista anamuuliza kitu chochote: mama hajambo, jana nani alifunga? Mwanzo niliona sista ana umbea. Baadaye nikaelewa, anataka mdomo ufunguke, ahakikishe dawa haikubaki shavuni ikaenda kuuzwa nje. Yote hayo hayazidi dakika tatu. Na halewi. Hili watu hawaniamini. Anatoka pale anakwenda gereji ya tuktuk anakofanya kazi, anashika spana, mikono haitetemeki. Kinachoondoka ni arosto na ile hamu inayomvuta mtu kwa nywele. Starehe haimo.

Kinachochosha ni hiyo kila siku. Jumapili, Idi, mvua ya masika, kila siku. Sisi tuko Mambrui, ng'ambo ya Sabaki, na nauli ya kwenda na kurudi nimeifanyia kopo lake mbali, haliguswi hata unga wa ngano ukiisha. (Unga wa ngano, nasema. Nyumbani kwetu neno hilo sasa lazima ulimalizie.) Bibi yake alipofariki Lamu, alikunywa dozi asubuhi, akapanda basi, akavuka Mokowe, akawahi mazishi, na kesho yake alfajiri akaondoka kabla ya khitma. Shangazi zake walisema hana uchungu. Akikosa siku tatu mfululizo, dozi haiendelei pale ilipoachwa: daktari humtazama upya na huenda akaishusha, kwa ile sababu niliyoisema ya mwili kusahau. Sasa utaanza vipi kuyaeleza hayo mbele ya maiti?

Kakangu naye hakuelewa. "Umemtoa kwenye unga wa kuvuta, umemtia kwenye unga wa kunywa," aliniambia barazani, watu wanasikia. Nilimwambia dawa hii inatibu uraibu Marekani tangu miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Hakutikisika. Nikamuuliza vidonge vyake vya presha anamaliza lini. Akaomba chai.

Lakini yaliyokuwa mdomoni mwa kakangu yalikuwa moyoni mwangu pia, na hilo ndilo lililonitoa kuandika. Mwezi wa nane palitokea posa. Familia ya msichana ni watu wa heshima, nikaogopa watauliza huyu kijana kila asubuhi anakwenda wapi. Nikaanza: baba, si umepona? Si uombe wakupunguzie? Nilimwimbia kila siku mpaka akaenda kuomba. Daktari alimshauri asubiri, akasema wengi hukaa kwenye dawa miaka na hakuna zawadi ya kuimaliza mapema. Yeye akashikilia, kwa sababu mimi nilimshikilia. Wakampunguzia kidogo kidogo. Wiki ya tano usingizi ukakimbia. Ya saba nikafua suruali yake nikakuta kipande cha foili, ile ya kuvutia unga, kimeungua katikati.

Sikupiga kelele. Nilikianika pamoja na nguo, na kibanio, kwenye kamba. Alipokiona akakaa chini ya mwembe mpaka magharibi. Asubuhi yake tulipanda matatu pamoja, akawaambia mwenyewe, dozi ikarudishwa juu hatua kwa hatua. Hawakumfukuza. Posa ilivunjika, kwa sababu nyingine kabisa ya mahari.

Kasoro za dawa zenyewe zipo. Inafunga choo vibaya sana: papai, maji mengi, na kumwambia daktari mapema. Inatoa jasho. Meno yanataka uangalizi, kinywa hukauka. Anayetumia dawa za kifua kikuu aseme, maana rifampisini huipunguza nguvu methadoni na arosto inarudi. Na pombe ya mnazi au vidonge vya usingizi juu ya methadoni ni kucheza na pumzi. Hapo nimekuwa mkali kupita kiasi na sijutii. Kuna pia hofu isiyo ya mwilini. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, foleni nzima ilikuwa inaulizana swali moja, na mwanangu alilala na redio wiki mbili. Dawa ya kila siku inayotegemea mfuko wa mtu wa mbali haikupi raha.

Nikipewa nyota tano nitaipa nne. Iliyobaki ni ya ile nauli. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilistahili mbili.

Siku hizi ananisaidia kukanda alfajiri kabla ya kwenda. Kopo liko wazi juu ya kabati, ni yeye aliyesema nisilifiche tena. Nalihesabu bado, kila usiku, na anajua. Juzi ilipungua shilingi 50. Nilikaa nayo moyoni siku nzima, nikamjibu kwa mkato, chai nikampa bila iliki. Jioni nikakumbuka ni mimi niliyeitoa, nikatuma viberiti.