Uzoefu wangu: hedi iliyochongwa na kamshafti ya digrii 270 kwenye MGB

Nilinunua vitu vitatu: hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) ya kubadilishana iliyochongwa matundu, kamshafti (shafti yenye meno yanayofungua valvu) ya barabarani ya digrii 270, yaani muda ambao valvu hukaa wazi, pamoja na tapeti zake (vipande vinavyosukumwa na meno hayo), na nusu siku ya kupimiwa gari kwenye roli (mashine ya mapipa yanayozungushwa na magurudumu ili kupima nguvu) na kusetiwa. Gari ni MGB ya 1970, gari dogo la michezo la Kiingereza, injini ya B-series ya cc 1798, kabureta mbili za SU HS4. Hedi ningeinunua tena kesho. Roli imenipa faida kubwa kuliko bei yake. Kamshafti ningeifikiria mara mbili, na tapeti zilizokuja nayo nisingezifunga kabisa.

Kwa nini kuanza na hedi? Kwa sababu ndipo injini hii ilipobanwa. Matundu ni matano, yote upande mmoja: mawili ya kuingiza, kila moja likilisha silinda mbili, na matatu ya moshi, la katikati likitumiwa na silinda ya 2 na ya 3 kwa pamoja. Silinda jirani zinagombea hewa kwenye sinia moja. Ukifunga kabureta kubwa bila kuchonga hedi, umeongeza chakula huku koo ni lilelile.

Hedi niliyoletewa ina valvu za kuingiza za mm 41.3 badala ya 39.75, viti vigumu vya valvu za eksozi kwa ajili ya petroli isiyo na risasi, na ile pua ya chuma inayoingia katikati ya chemba imepunguzwa. Kazi ni safi. Nilipitisha kidole ndani ya matundu: koo chini ya kiti cha valvu limelainishwa bila ngazi, na ukuta haukung'arishwa kama kioo. Hilo ni jambo zuri, kwani ukuta wa kuingiza unaong'aa mno huacha petroli itiririke badala ya kubaki ukungu. Kabla ya kulipia hedi ya aina hii, dai ipimwe nyufa, hasa katikati, kati ya silinda ya 2 na ya 3. Pale joto la moshi wa silinda mbili linakutana, na ndipo hedi hizi hupasukia.

Mgandamizo usiuache kwa makadirio. Kila silinda ni cc 449.5. Ukitaka 9.5 kwa 1, nafasi yote inayobaki juu ya pistoni ikiwa imefika mwisho wa juu iwe cc 52.9, kwa 8.8 ya kiwandani ni cc 57.6. Nafasi hiyo ni chemba ya hedi, unene wa gasketi iliyokwisha kubanwa, shimo la juu ya pistoni, na umbali uliobaki hadi ukingo wa bloku. Chemba nilizipima kwa bomba la sindano, mafuta mepesi na kipande cha plastiki angavu chenye tundu. Tatu zililingana, ya nne ilizidi kwa karibu cc 1. Si dhambi kubwa, lakini kwa kazi iliyouzwa kuwa imesawazishwa, naondoa alama moja. Pia kumbuka kwamba injini iliyowahi kutobolewa upya hupanda mgandamizo hata kama hedi haijaguswa. Hapa Uingereza naiwekea petroli ya oktani 97 kwenda juu. Kwa walio Nairobi hesabu ni nyingine: kwenye zaidi ya mita 1,600 hewa ni nyepesi, petroli haielekei sana kulipuka kabla ya wakati wake, na injini inakula petroli nyingi kuliko inavyohitaji, kwa hiyo gari lililosetiwa Mombasa likipanda bara litafuka moshi mweusi.

Kufunga hakuna siri, ila pana mtego mmoja. Nati nne za hedi ndizo pia zinazoshika mhimili wa roka (mikono inayokandamiza valvu). Ukizilegeza bila kumwaga maji kwanza, gasketi inaweza kuachia na maji yakaingia kwenye silinda. Zilegeze zote kidogo kidogo. Wakati wa kukaza, anzia katikati ukielekea pembeni kwa hatua tatu, mwisho futi-pauni 45 hadi 50. Nati ndogo za roka futi-pauni 25. Baada ya injini kupata moto na kupoa, rudia kukaza, kisha seti valvu upya. Kwa kamshafti ya kiwandani ni inchi 0.015 injini ikiwa baridi. Ya kubadilisha, fuata kadi yake. Kanuni ya tisa, yaani namba za valvu mbili zinazojumlishwa kuwa tisa, inaokoa muda: valvu ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, unaseti ya 8, ya 3 ikifunguka, unaseti ya 6.

Sasa tapeti. Kit niliyouziwa ilikuwa na tapeti laini. Baada ya maili mia chache roka moja ikaanza kugonga, nikaseti, ikarudi. Uso wa tapeti ulikuwa umechimbika kama sabuni iliyotonewa maji, na jino la kamshafti limeliwa. Muuzaji alibadilisha vyote, lakini gasketi na kazi ya kutoa injini ni juu yangu. Dai tapeti zenye hati ya ugumu wake, na za urefu sahihi: injini za MGB za baadaye, zenye namba inayoanza na 18V, zina tapeti fupi na pushirodi (fimbo za kati ya tapeti na roka) ndefu, hazichanganywi na za zamani. Paka mafuta ya kuunganishia kamshafti kwenye kila jino, weka oili yenye zinki ya kutosha, na injini ikishawaka ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hivi kila dakika, kwa muda wa dakika 20. Usiiache ingurume taratibu, kwa sababu tapeti hupata oili ya kurushwa na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), na kranki ikienda polepole haitarusha kitu.

Kwenye roli, namba zangu magurudumuni zilikuwa hivi: nguvu za farasi 67 kabla ya kugusa chochote, 82 baada ya hedi na sindano mpya za kabureta (zinazopimia petroli), 91 baada ya kamshafti. Zile 9 za mwisho zinapatikana juu ya mizunguko 4,500 tu. Chini ya 2,500 gari limekuwa zito kidogo kuliko zamani. Kwa safari za mjini, hedi peke yake inatosha.

Fundi wa roli alibadilisha sindano mara mbili, akaweka jumla ya utangulizi wa cheche (kuwaka kabla pistoni haijafika juu) digrii 32 kwenye mizunguko 4,000 bomba la vakyumu likiwa limechomolewa. Springi za distribyuta ya Lucas zilikuwa zimechoka, cheche inawahi mapema mno. Na aligundua kosa langu: gasketi ya chujio la hewa niliigeuza juu chini, ikaziba vitundu viwili vya kwenye mdomo wa kabureta. Pistoni ya SU haipandi vizuri vitundu hivyo vikizibwa, na injini inabanwa. Kama vipepeo vya kabureta zako vina valvu ndogo za springi, weka visivyo nazo.

Eksozi manifoldi ya chuma ya kiwandani niliiacha. Ni nzuri kuliko watu wanavyoamini, haivuji kama zile za mabomba, na haichomi miguu. Kabureta ya Weber DCOE pia sikuitaka; kwa matundu ya kuchangia, SU mbili zilizo salama hazijaachwa mbali.

Kupima petroli nyumbani: inua pistoni ya kabureta moja kwa mm 0.8. Mizunguko ikipanda ikabaki juu, petroli imezidi, ikishuka, imepungua, ikipanda kidogo kisha ikatulia, umefika. Mizunguko ya injini ikinguruma tu bila kukanyagwa sasa ni 950 kwa dakika, na gari linatikisika kidogo kwenye taa nyekundu. Aliyezoea ulaini wa kiwandani atadhani plagi moja imekufa. Plagi ni nzima zote nne, ni hiyo kamshafti.