Biskuti kavu za chokoleti bila nafaka: unga wa lozi au wa muhogo?

Kwa biskuti zinazovunjika kwa mlio, unga wa lozi unashinda, ingawa bei yake inauma. Changanya gramu 200 za unga, 60 za siagi iliyoyeyushwa, 80 za sukari nyeupe, robo kijiko cha chai cha bikabonati ya soda, chumvi kidogo, kijiko kikubwa cha maji na gramu 70 za chokoleti iliyokatwakatwa. Yai zima usiweke, hulainisha. Asali nayo huvuta unyevu. Bonyeza vidonge hadi unene wa nusu sentimita, oka kwa nyuzi 160 dakika 14 hivi. Lozi huungua upesi, basi toa mara kingo zikigeuka hudhurungi. Zitakuwa laini bado. Ukavu huja zikipoa.

Muhogo ni nafuu, ila hunywa maji sana na donge halitambai. Gramu 120 zinataka siagi 100, sukari 100 na yai moja, nyuzi 175. Ukizidisha unga, nje vumbi, ndani gundi. Epuka uliochachushwa, harufu haifichiki. Hamira ya poda (baking powder)? Nyingi zina wanga wa mahindi, yaani nafaka ileile unayoikimbia.