DAC za valvu kwa nyumba za Lamu na Malindi: zipi zafaa, zipi ni pambo

DAC ni kifaa kinachogeuza namba za muziki, kama ule wa simu au laptopu, kuwa sauti ya kupeleka kwa amplifaya. Ya valvu huwa pia na valvu, yaani vile vichupa vya kioo vyenye hita ndani kama vya redio za zamani. Tuanze na mwanga, maana ndio unaouza vifaa hivi. Kile kisanduku cheusi chenye valvu mbili ndogo za 6J1, kinachong'aa rangi ya chungwa kwenye picha za maduka ya mtandaoni, mara nyingi king'aacho si valvu. Ni LED iliyopenyezwa katikati ya soketi. Hita ya valvu yenyewe hutoa wekundu hafifu ambao huuoni mpaka uzime taa za chumba. Siku hita ikikatika, LED itaendelea kuwaka kama kawaida na mwenye chombo atabaki kulaumu spika. Washa, ngoja dakika tatu, kisha gusa kioo upesi: kikiwa baridi, hakuna kitu. Na kwa kuwa hita hizo mbili kwa kawaida hufungwa kwa mfululizo kwenye volti 12, ikikatika moja zote mbili hupoa. Kibaya chajitembeza, na hiki hujitembeza kwa taa.

Valvu haigeuzi chochote. Kazi ya kugeuza namba kuwa sauti hufanywa na chipu. Valvu huipokea sauti iliyokwisha kugeuzwa na kuipeleka kwa amplifaya, ikiongeza upotoshaji kidogo unaopendeza sikio. Katikati hapo kuna chujio la chipu, volti inayoilisha valvu na kapasita ya kutokea, ile inayopitisha sauti kwenda nje na kuzuia umeme wa DC. Wanunuzi hubishana kuhusu jina lililoandikwa kwenye kioo, huku tofauti wanayoisikia ikitoka kwenye kapasita.

Tuitazame hiyo kapasita kwa karibu. Ikiwa ni ya mikrofaradi 0.47 na amplifaya yako ni ile ndogo ya daraja D yenye ukinzani wa kuingilia wa kilo-omu 10, ikifika Hz 34 nusu ya nguvu ya besi imekwisha kupotea. Weka mikrofaradi 1 na mpaka huo unashuka hadi Hz 16. Kapasita ileile ya 0.47 kwenye amplifaya ya kilo-omu 47 haikati kitu mpaka karibu Hz 7. Ndiyo maana DAC moja husifiwa Shela na kulaumiwa Langoni: chombo ni kilekile, amplifaya ni mbili. Kabla ya kununua, soma ukinzani wa kuingilia kwenye kijitabu cha amplifaya yako. Ukiwa chini ya kilo-omu 20, mwambie fundi aweke kapasita ya filamu ya mikrofaradi 2.2 yenye kuhimili volti zilizomo ndani, na ziada juu yake. Akimaliza, apime volti za DC kwenye matundu ya kutokea baada ya chombo kupata moto. Zikizidi milivolti 10 au 20, kapasita inavuja na haifai kuunganishwa na spika.

Sasa vifaa vyenyewe. Vile vya 6J1 tumekwisha kuvigusa. Valvu hiyo hupimwa kwa volti 120 za anodi (bamba linalopokea umeme ndani ya kioo), lakini visanduku hivi hulishwa na adapta ya volti 12 na ndani hupandishwa hadi makumi machache ya volti tu. Valvu yenye njaa hivyo hufanya kazi, ila nafasi yake ni finyu: pigo la ghafla la ngoma hubanwa kichwani, na ule ukwaruzo ndio unaouzwa kwa jina la joto la valvu. Kwa redio na mawaidha ya simu hutajali. Kwa taarabu ambamo fidla, udi na ngoma vinaingia pamoja, utajali. Faida yake moja ni kwamba vipuri ni rahisi: 5654, EF95 na 6AK5 huingia palepale.

Aune T1 iko daraja jingine. Ina chipu ya PCM1793 na valvu moja ya 6922, na transfoma imewekwa kwenye kisanduku cha nje, jambo linalopunguza mvumo. Kwa mtu mwenye laptopu, amplifaya ya kawaida na spika za rafu, hapa ndipo pesa huanza kusikika: udi una mwili, na kidole kikiteleza juu ya uzi kinasikika bila kukwaruza. Kubadilisha valvu kunaruhusiwa, ila kwa utaratibu. E88CC, 6DJ8 na 6N11 ya Kichina ni jamaa wa 6922. 6N23P ya Kirusi ni jamaa wa karibu pia. 6N1P, ingawa wauzaji huichanganya humo, hita yake inavuta miliampea 600 badala ya 300, na sehemu ya umeme ya chombo huchoka au kuungua. ECC82 usiiweke kabisa, hata kama pini tisa zinaingia vizuri. Hita yake kwenye pini 4 na 5 inataka volti 12.6, kwenye soketi ya volti 6.3 itabaki nusu mfu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: 6922 kwenye soketi ya ECC82 iliyofungwa kwa volti 12.6 huungua hita.

MHDT Orchid ya Taiwan ni ya msikilizaji anayejua anachokitaka. Chipu yake ni TDA1541A ya zamani, haiongezi sampuli (hupiga namba za rekodi jinsi zilivyo, bila kujaza nyingine katikati), na valvu ni ya jamii ya 5670, yaani 396A na 2C51 huingia. Mpangilio wa pini za jamii hii hauhusiani na 6922: hita iko pini 1 na 9. Watu husifu ulaini wa vyombo vya aina hii na kuipa valvu sifa yote. Hesabu inasema vingine. DAC isiyoongeza sampuli, ikipiga muziki wa CD wa kHz 44.1, hupunguza sauti kiasi cha desibeli 1.7 kwenye kHz 15 na desibeli 3.2 kwenye kHz 20, isipokuwa mtengenezaji ameweka saketi ya kufidia. Ulaini huo ungekuwepo hata valvu ikitolewa. Kwa kaseti na santuri za taarabu zilizonakiliwa, ambazo huko juu karibu hazina kitu, hasara hiyo huioni, na katikati ya sauti, pale mwimbaji anapokaa, chombo hiki ni kitamu. Kwa rekodi mpya zenye matari na vigelegele, baadhi ya watu watahisi pazia.

DAC ya BorderPatrol ni mfano mzuri wa kuuliza valvu iko wapi. Ina chipu ya TDA1543 na valvu ya EZ80, lakini EZ80 ni rektifaya: inanyoosha umeme, sauti haipiti ndani yake. Kuna swichi ya kuizima usikilize tofauti. iFi Pro iDSD nayo ina swichi, ila yake inachagua kati ya transista na valvu mbili za GE5670 kwenye njia ya sauti yenyewe. Bei yake ni ya mwenye nacho. Hata hivyo kwa mtu mwenye shaka ni chombo cha haki kuliko vingine, maana anabonyeza na kusikia bila kubadilisha kebo.

Kujaribu huko kuna sharti moja ambalo wengi huliruka. Sikio huita sauti kubwa kuwa sauti nzuri, hata tofauti ikiwa desibeli moja. Piga toni ya Hz 200 kutoka kwenye simu au laptopu, pima volti za AC kwenye matundu ya kutokea kwa mita ya kawaida, kisha rekebisha sauti mpaka DAC zote mbili zisome sawa. Kama moja inatoa volti 2, nyingine isipishane nayo kwa zaidi ya volti 0.02. Bila hivyo, DAC inayotoa volti 3 itashinda kila siku.

Neno kuhusu ECC83, valvu inayopendwa kwa sababu inapatikana kila mahali. Ikitumiwa peke yake bila hatua ya katodi nyuma yake, yaani hatua ya pili ya kushusha ukinzani, ukinzani wake wa kutokea unakaribia kilo-omu 38. Unganisha kebo ya mita 3 yenye pikofaradi 100 kwa mita, na sauti za juu zinaanza kudondoka kHz 14. Kebo ya nusu mita inatibu hilo bila gharama.

Stima sasa. Vifaa vingi vya Kichina vimetengenezwa kwa volti 220, na kwetu ni 240. Tofauti hiyo ya asilimia 9 hufika mpaka kwenye hita: volti 6.3 huwa 6.9 hivi ikiwa hita inalishwa moja kwa moja na transfoma bila kidhibiti, na katodi, sehemu inayotoa elektroni ikipashwa na hita, huchakaa mapema. Kwa valvu moja ya miliampea 300, rezista ya omu 1.8 yenye kuhimili wati 1, ikifungwa kwenye waya wa hita, inashusha nusu volti na kurudisha mambo. Transfoma ya volti 110 iliyotoka Marekani usiichomeke hata kwa majaribio. Kwa nyumba za sola: betri ya volti 12 ikichajiwa hufika 14.4, na zile hita mbili za 6J1 hupata volti 7.2 kila moja. Weka kidhibiti cha volti 12 katikati. Inveta ya bei nafuu, isiyotoa wimbi safi, itafanya transfoma ilie hata ukikaza skrubu zote.

Stima ikipotea, chomoa amplifaya kwanza. Ikirudi, DAC iwashwe peke yake, dakika moja ipite, ndipo amplifaya. DAC za valvu zisizo na relei ya kunyamazisha hutupa kishindo kapasita zinapojaa, na kishindo hicho huishia kwenye spika.

Chumvi ya hewa ndiyo adui wa kudumu, hasa nyumba za mbele ya maji na miezi ya kusi. Dalili ni mchakacho kwenye upande mmoja, unaokoma ukiitikisa valvu kidogo: pini zimeota kutu. Zima, chomoa, ngoja dakika 15, toa valvu kwa kuivuta wima bila kuizungusha, nyunyiza kidogo dawa ya kusafishia koneksheni, ingiza na kutoa mara tatu. Usifute maandishi ya kioo, hayarudi. DAC za volti ya juu hubeba volti 150 hadi 300 hata baada ya kuchomolewa. Fundi anayefungua azimalizie kwanza kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, mkono mmoja ukiwa nyuma.

Kidaka cha ukutani ni mahali pazuri kwa ugumu wake, kwa sababu chokaa na matumbawe havitetemi spika zikipiga, na valvu inayolia ukiigonga kwa penseli hutulia humo. Lakini acha sentimita 10 juu ya valvu na usikifunge kwa pazia. Joto hilo pia humwita mjusi kafiri. Akiingia penye volti 250 hufa yeye na fyuzi pamoja, wakati mwingine na transfoma. Bandika wavu wa dirisha kwa ndani ya matundu ya hewa.

Kwa Lamu, mzigo unashuka Mokowe na kumaliza safari kwa boti, na huko ndiko vioo vinakopasukia. Mwambie muuzaji atoe valvu kwenye soketi na azifunge kwenye sanduku lake peke yake, aandike ipi ya kushoto na ipi ya kulia. Ukiipokea, angalia kile kidoa cha fedha kichwani mwa kioo kabla ya kuchomeka. Kikiwa cheupe kama maziwa, hewa imeingia: rudisha.