Kunasa redio au kudukiza waya: njia ipi iliwafaa majasusi?
Kwa gharama, redio hushinda: antena husikiliza bila kuvuka mpaka, ilhali handaki la Berlin, lililochimbwa na Marekani na Uingereza ili kuzifikia simu za jeshi la Kisovieti, liligharimu mamilioni ya dola na kufanya kazi kuanzia Mei 1955 hadi Aprili 1956 tu.

Kwa ubora wa kinachosikika, waya hutangulia. Wavunja-fumbo wa Uingereza waliohamia Kilindini, Mombasa, mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo (Sri Lanka) walikokuwa, walisumbuliwa na usikivu hafifu wa redio, na ujumbe walioupata ulikuwa bado umefungwa kwa msimbo. Simu nyingi za Berlin zilikuwa mazungumzo ya wazi.

Usiri ndio mgumu kuupima. Msikilizaji wa redio haachi alama, lakini handaki lilisalitiwa na George Blake, ofisa wa ujasusi wa Uingereza aliyewatumikia Wasovieti kwa siri, hata kabla halijachimbwa, ingawa Wasovieti, kwa kumlinda jasusi wao (hesabu ya kikatili, kwa maoni yangu), waliacha maofisa wao waendelee kuzungumza. Adui anayelazimika kutumia redio, kama manowari za Ujerumani, antena humtosha. Akihamia kwenye waya, kuchimba huwa na maana kwa mwenye fedha na mahali pa kuufikia.